Mshipa Gani? Fundi wa Misuli Anaondoka Kazini

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa nane na nusu mchana, fundi sanifu mkuu wa maabara ya misuli na neva katika chuo chetu cha tiba anastaafu baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja ya utumishi. Alibakiza miaka minne mingine. Maradhi yamemtoa mapema, na sisi wa idara yake tumepewa kurasa mbili za jarida hili tumuage.

Kamati ya sherehe ilimpelekea karatasi ya kuchagua zawadi: saa ya ukutani, redio, au seti ya vikombe. Karatasi ilirudi ikiwa na mwandiko wa mkewe, ambaye ni mshonaji nguo. Fundi hataki saa wala vikombe. Anataka neno "uzembe" litolewe kwenye faili lake kabla ya Ijumaa. Neno hilo liliandikwa mwaka juzi, mara tatu, likamletea barua ya onyo, ya kwanza na ya pekee katika maisha yake ya kazi. Aliyeliandika ni mimi, mtunza stoo wa idara, mnayeniita Mama Stoo mbele yangu na majina mengine nikigeuka. Ndiyo maana niliomba wasifu huu niuandike mwenyewe. Asiyependa kusoma maungamo ya watu wazima na afunue mbele, kuna matokeo ya mpira.

Tuanze na mazuri, kwa kuwa yapo mengi. Alipoajiriwa, kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka karatasi masizi. Nyie mliokuta kompyuta hamkukijua chombo kile. Ni pipa dogo linalozunguka polepole, limevishwa karatasi iliyofukizwa moshi wa koroboi mpaka ikawa nyeusi tii. Kando yake unafungwa msuli wa mguu wa chura, neva yake ikiwa bado imeshikamana nao, na ncha ya msuli inaunganishwa kwa uzi na kijiti chembamba. Ukiigusa neva kwa umeme kidogo wa betri, msuli unajivuta, kijiti kinapanda na kukwaruza kilima cheupe kwenye masizi. Ukiigusa tena na tena bila kuupumzisha msuli, vilima vinapungua kimo, vinakuwa vichuguu, mwisho unabaki mstari mnyoofu. Fundi alirudi nyumbani kila jioni na pua nyeusi, na mkewe, wakati huo wakiwa wachumba tu, aliamini kwa miezi miwili kwamba jamaa anauza mkaa na anaona aibu kusema.

Jina lake la utani mnalijua. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, mshipa ni kitu chochote chembamba kilichojificha chini ya ngozi. Damu inapita kwenye mshipa. Ukijipinda shingo usingizini, umevuta mshipa. Ukikasirika, mshipa unakusimama usoni, na mzee akivimba kinena anaumwa mshipa. Fundi hakulivumilia neno hilo ndani ya maabara. Mwanafunzi akinyoosha kidole juu ya meza na kusema "huu ni mshipa," yeye aliuliza kwa upole wa kuudhi, "Mshipa gani?" Kisha alieleza. Ukiukata wa damu, mgonjwa anavuja. Ukiikata neva, anapooza. Ukiikata kano, inayofunga msuli kwenye mfupa, msuli utavuta weee na mfupa hautasogea. Wewe utabaki umesimama na kisu unasema samahani nilikata mshipa. Kufikia mwaka wa tatu hakuna aliyemwita jina la kwenye orodha ya wafanyakazi. Akawa Mshipa Gani, na barua za idara nyingine zikawa zinakuja kwa jina hilo.

Nyumbani vita hiyo alishindwa mapema. Mkewe aliniambia alivyomkata kauli mwaka wa kwanza wa ndoa: "Huko kwenu iwe neva, iwe kano, ni shauri yenu. Hapa kwangu mshipa ni mshipa, na chakula kinapoa."

Kufundisha alifundisha kwa vitu vya dukani. Msuli kwake ulikuwa kamba nene ya katani. Aliikata mbele ya darasa na kuifumua: ndani ya kamba kuna vifungu, ndani ya kifungu kuna nyuzi, na kila uzi wa msuli ni seli moja ndefu. Ndani ya uzi huo kuna nyuzinyuzi nyembamba zaidi, na hapo kamba ilipomwishia, alichomoa mfukoni vitana viwili. Alivielekeza meno kwa meno na kuvisukuma vikaingiliana. Meno yenyewe hayafupiki, alisema, yanapishana tu, lakini vitana vinasogeleana, na hivyo ndivyo msuli mzima unavyofupika na kuuvuta mfupa. Msuli haujui kusukuma. Unajua kuvuta tu, ndiyo maana umepewa mwenzake upande wa pili, mmoja wa kukunja kiwiko na mmoja wa kukinyoosha, na mmoja akivuta mwingine hulegea. Alipenda kuongeza kwamba ndoa zingeliiga jambo hilo zingedumu. Kitana kimoja kilikuwa cha mkewe na mpaka leo hajakirudisha.

Neva aliifundisha kwa waya wa umeme aliouchuna ncha. Seli ya neva ina mwili mdogo wenye matawi ya kupokea habari na mkia mmoja mrefu wa kuzipeleka, na mkia huo umevishwa ala ya mafuta kama waya ulivyovishwa plastiki, ili habari ikimbie isipotee njiani. Alimsimamisha mwanafunzi mrefu kuliko wote na kuwaonyesha wenzake kwamba ndani ya mtu huyo kuna seli moja, moja tu, inayoanzia kwenye uti wa mgongo na kuishia chini mguuni. Na huko mwisho mkia haugusi msuli. Pana mwanya mdogo sana, na neva humwaga kemikali kidogo ikauvuka. Msuli ukiipokea, unajivuta. Hapo alitazama darasa lote. "Msuli hauanzi jambo," alisema. "Msuli unangoja kuambiwa."

Kidole gumba ndicho alichokipenda kupita kiungo chochote. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema, na mkitaka kujua ukweli, vinne navyo haviwezi bila gumba. Alitumia miezi kumi na minne kuchambua mkono mmoja, neva kwa neva hadi kwenye kila msuli wa kiganja, na ule mnofu wa chini ya gumba aliuacha mwisho kama mtoto anavyoacha nyama pembeni mwa sahani. Mkono huo uko kwenye mtungi wa kioo mlangoni mwa maabara, lebo zake zote kaziandika kwa mkono wake, herufi ndogo zilizosimama wima. Wageni wa chuo huletwa kuutazama. Tuzo ya mfanyakazi bora aliipata mara tano, na mara zote alikwenda kuichukua amevaa koti la maabara kwa sababu alisahau kwamba kuna sherehe.

Katika miaka thelathini na miwili hakuvunja hata kikombe cha kupimia. Mimi ndiye ninayejua, kwani daftari la uharibifu liko kwangu. Lina safu nne: tarehe, kifaa, sababu, saini ya aliyevunja. Kwenye safu ya sababu nimezoea kuandika neno moja kati ya mawili, ajali au uzembe.

Februari ya mwaka juzi aliangusha mtungi wa vyura. Sakafu ilikuwa kavu, mikono yake mikavu, hakuna aliyempiga kikumbo. Nilimuuliza imekuwaje, akasema umeteleza. Niliwaza kwamba mtu amezeeka kazini na sasa anabeba vioo akiwaza mengine, nikaandika uzembe. Alitia saini. Mwezi wa tatu ikaanguka chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia viungo visioze, tukakohoa siku nzima, nami nikaandika tena, kwa hasira.

Wiki chache baadaye, saa nne wakati wa chai, aliingia stoo. Tulikuwemo watu sita. Alikunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, akauweka mkono wake juu ya kaunta yangu, akasema taratibu, "Mama Stoo, kuna mshipa unanicheza."

Miaka yote hiyo tulikuwa tunangoja mtu huyu ateleze ulimi. Nikamjibu mbele ya wote, nikiigiza sauti yake: "Mshipa gani?" Stoo nzima iliangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Yeye naye alicheka. Kisha akashusha shati, akahangaika na kifungo kwa muda mrefu, akaenda zake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeutazama ule mkono. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha, aliyaleta maradhi yake mpaka kwenye kaunta yangu, na mimi nilichompa ni kicheko.

Mwezi wa tano ulianguka ule mtungi wa mlangoni, mtungi wa Mkono. Nilisikia kioo, nikatoka mbio, nikamkuta amepiga magoti anauokota ule mkono kwa mkono wake wa kushoto kati ya vigae, na wa kulia umelala pajani haumsaidii. Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili. Nikarudi stoo nikaandika uzembe mara ya tatu. Kwa taratibu zetu, mara tatu ndani ya mwaka ni barua ya onyo, na barua ikaandikwa.

Ilipofika Oktoba alikwenda hospitali. Daktari wa neva aliyempima alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mmoja wa wale walioonyeshwa vitana. Mkewe alikuwapo chumbani. Anasema daktari alichoma sindano nyembamba kwenye msuli wa kigasha, chini ya kiwiko, kisha akatazama mistari kwenye skrini. Fundi aliisoma mistari ile akiwa amelala kitandani. Akamwambia, "Sema tu, binti yangu. Usinibandikie lebo ya uongo."

Darasa lake la mwisho lilikuwa Machi mwaka jana, na mimi nilikwenda nikasimama nyuma. Hakuleta kamba wala waya. Alimwomba mwanafunzi wa mbele amkunje shati, akaulaza mkono wake mezani chini ya taa, akawaita wasogee. Chini ya ngozi, nyama ilikuwa inachezacheza yenyewe, hapa na pale, kama uji unaoanza kuchemka. Mnofu wa chini ya gumba ulikuwa umekwisha, pamebaki shimo. Aliwaeleza kwa sauti iliyoanza kuwa nzito ulimini. Seli za neva zinazoanzia kwenye ubongo na uti wa mgongo zinakufa moja moja, na hakuna anayejua sababu. Neva inayokufa hurusha habari ovyo, ndiyo hiyo mnayoiona ikicheza. Ikishakufa, kimya. Zile za kuhisi zimesalia nzima, kwa hiyo mbu akitua anamjua, ila hawezi kumpiga. "Msuli huu hauna kosa," alisema. "Unangoja kuambiwa, na hakuna wa kuuambia." Wanafunzi wote hamsini na wawili walikuwa wameuzunguka ule mkono. Akawauliza kama kuna swali. Kisha akasema basi wakaoshe mikono.

Baada ya darasa nilimfuata nikamwomba radhi kwa kile kicheko. Nilimuuliza pia jambo lililokuwa linanikereketa: mtu kama yeye, kwa nini siku ile alisema mshipa? "Nilijua ni neva," alisema. "Nilitaka iwe mshipa tu, hata kwa siku moja." Nililia mbele yake, jambo ambalo wengi wenu hamtaamini. Lakini kuhusu daftari sikutamka neno. Nilidhani mtu mwenye msiba mkubwa namna hiyo hawezi kukumbuka daftari. Nilijidanganya, kwa kuwa ilinifaa. Mtu aliyebandika lebo miaka thelathini na minne hasahau lebo iliyobandikwa juu yake.

Karatasi ya kamati iliponifikia, nilikwenda kwa mkuu wa idara. Alisema barua haiondoki kwenye faili mpaka daftari la asili lisahihishwe, na sahihisho lazima liwe na saini mbili, ya aliyeandika na ya aliyevunja. Nilimkumbusha kwamba huyu bwana hawezi tena kushika kalamu. Alisema anajua, ila utaratibu haukumfikiria. Sikumlaumu. Utaratibu huo tuliutunga pamoja.

Jumamosi iliyopita nililifunga daftari kwenye kitambaa nikaenda kwao. Sebule yao ni ndogo, cherehani iko dirishani, na Fundi amekaa kwenye kiti cha mikono na mto shingoni, kwa kuwa kichwa hakimsimami. Sauti imekwisha. Kilichobaki ni macho: akiyainua ni ndiyo, akiyafumba ni hapana. Mkewe amemshonea kitambaa cheupe chenye herufi zote kwa uzi mwekundu. Anapitisha kidole juu ya herufi, na penye herufi anayoitaka, Fundi anainua macho.

Nilimfunulia ukurasa. Aliusoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyomo. Nami, kwa mara ya kwanza, nilizitazama saini zake tatu kama mtu anayetaka kuona. Ya Februari ni kamili, na mkia wake. Ya mwezi wa tatu ni nusu yake. Ya mwezi wa tano ni kijistari kinachoteremka. Vilima vya chura vilikuwa vimelala ndani ya daftari langu mwaka juzi wote, na mimi nilikuwa nikiandika uzembe pembeni yake.

Nilimwambia nakata uzembe naandika ajali. Akafumba macho. Ugonjwa, basi? Akafumba tena, akakaza, nami nikadhani hataki kunisamehe na ana haki. Ndipo nikaelewa. Nikamuuliza lile swali lake, bila kuigiza sauti ya mtu: "Mshipa gani, Fundi?"

Macho yalipanda. Mkewe akatandaza kitambaa magotini mwake, akaanza kupitisha kidole, N, E, V, A. Kisha ZA. Kisha MWENDO. Ilichukua dakika nyingi. Mama yule, aliyeishi miaka thelathini akisema mshipa ni mshipa, alikunja kitambaa chake taratibu na kuniambia, "Ni neva, Mama Stoo. Neva za mwendo. Andika hivyo hivyo."

Nikaandika, mara tatu, tarehe kwa tarehe. Sababu: neva za mwendo zimekufa. Nikatia saini yangu. Mkewe akakichukua kile kidole gumba alichokipenda Fundi kuliko viungo vyote, sasa ni ngozi na mfupa, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, penye kila mstari. Fundi hakuondoa macho kwenye ukurasa mpaka alama ya tatu ilipokauka. Jumatatu barua ya onyo ilitolewa kwenye faili mbele yangu, na mkuu wa idara akaichana.

Rasimu ya wasifu huu nilimsomea juzi. Mwishoni nilikuwa nimeandika kwamba tunamtakia afya njema na maisha marefu, kama tunavyowaandikia wote. Alifumba macho. Nikafuta. Basi Ijumaa, jamani, msije mkampigia makofi na kukimbilia soda. Njooni kwenye kiti chake mmoja mmoja, mumuulize jambo linalojibika kwa macho, na mngoje jibu. Na mtu yeyote akija stoo kuniambia kuna mshipa unamcheza, nitamuuliza ni mshipa gani, kisha nitautazama mkono.

Fundi, asante kwa kamba, kwa vitana, kwa masizi, na kwa kila mgonjwa asiyekatwa mahali pasipostahili kwa sababu ulimuudhi mtu darasani. Asante kwa kuniachia nirekebishe lebo yangu. Uliwafundisha wanafunzi wako kwamba kila jicho lina misuli sita, na kwamba ugonjwa huu mara nyingi huiacha hiyo mpaka mwisho. Tunakutakia macho yakukae, na yasikose mtu wa kuyatazama.